Nikumbushe Baadaye

Cheo cha uinjinia Obeid alijitunuku mwenyewe, sebuleni kwa Mzee Kalinga pale Kihesa, Iringa, mkono mmoja una kikombe cha chai na mwingine una kiazi cha kuchemsha. Hapakuwa na mahafali wala joho. Kabla ya asubuhi hiyo alikuwa Obeid tu, fundi wa kubadilisha vioo vya simu, kijana mwenye maneno mengi kuliko wateja, aliyekuja kumsalimia mchumba wake Juliana na kujipendekeza kidogo kwa baba yake.

Baba mwenyewe, bwana misitu mstaafu, hakuwa na muda wa kupendekezewa. Alikuwa amesimama mbali na kompyuta yake ya mezani, kitambaa cha kuifunikia kiko mkononi, anaitazama kama mtu aliyekuta nyoka kabatini.

"Imeanza tena," alisema. "Kila nikikaa niandike, inaleta kidude chake hapo pembeni. Eti sasisho lipo tayari. Hivi mimi niliagiza sasisho?"

Kilichoandikwa humo kilikuwa historia ya ukoo wa Kalinga. Mwaka wa nne huo, kurasa mia mbili na ushee. Kihesa nzima iliijua kazi hiyo, kwa sababu ukipita karibu na dirisha lake unaitwa ndani unasomewa.

Obeid akasogea. Kwenye kioo kulikuwa na kisanduku chenye vitufe viwili, "Sasisha Sasa" na "Nikumbushe Baadaye". Kiswahili hicho mzee aliwekewa na Juliana, ambaye ni mhudumu wa steshenari na kompyuta anazijua vizuri. Obeid hakujua sasisho ni mnyama wa aina gani. Akabonyeza kitufe cha pili, kwa sababu kile cha kwanza kilionekana kina kazi ndani yake. Kisanduku kikatoweka.

"Ehee!" Mzee Kalinga akashusha kitambaa. "Umekifukuza?"

"Nimekituliza, baba. Mambo ya kiinjinia haya."

Alitoka pale na jogoo kwapani. Sasa nikuulize wewe unayesoma: mtu aliyepewa jogoo mzima kwa kubonyeza mara moja, atarudi vipi kubandika vioo vya simu? Obeid alisimama getini, jogoo akimpapatikia mbavuni, akaona mbele yake Iringa yote, nyumba kwa nyumba, na katika kila nyumba yenye kompyuta kuna mtu anayekiogopa kisanduku.

Basi kwa miaka miwili Injinia Obeid alipita Kihesa akibonyeza "Nikumbushe Baadaye". Kisanduku kilirudi baada ya siku chache, kama kilivyoahidi, na yeye akarudi nacho. Alivaa miwani isiyo na namba. Alibeba laptopu kuukuu kwenye mkoba wa ngozi, akaifungua kwa kila mteja na kuikunjia uso, kwa heshima ya kazi.

Aliyemharibia raha alikuwa Juliana peke yake.

"Obeid, hicho kisanduku si ugonjwa," alimwambia. "Waliotengeneza hiyo programu wameona kuna tundu kwenye uzio, wezi wanaweza kupita. Wanatuma kipande cha kuzibia. Unabonyeza, kinaziba, basi. Tena bure."

"Bure?" Obeid alicheka kwa huruma. "Kitu kinachokula bando unakiita bure? Hizo ni mbinu za kutumalizia bando, mpenzi."

"Na laptopu yako nayo ina matundu mangapi?"

"Nikumbushe baadaye."

Hilo lilikuwa jibu lake kwa kila jambo, na alilitoa kwa tabasamu ambalo kwa kweli lilikuwa zuri. Kisha akamnong'oneza Mzee Kalinga kwamba kompyuta yenye historia ya ukoo isiguswe na mtu mwingine, hata mtoto wa nyumbani. Mzee akamkataza binti yake kuikaribia. Juliana alinuna, na kimyakimya akawa kila wiki ananakili kurasa zote za baba yake kwenye flashi, anaifungia kwenye sanduku la kanga. Jambo hilo hakumwambia mtu.

Mambo yalikwenda hivyo hadi Jumapili moja baada ya ibada, Mzee Kalinga alipomweka kitako.

"Kijana, umezoea viazi vyangu sana. Tuongee mahari."

"Baba, bahasha iko njiani."

"Bahasha!" Mzee alilitamka neno hilo kama ametafuna mchanga. "Siku hizi mtu analeta bahasha anasema humu ndani mna ng'ombe watatu. Nimefungua bahasha nyingi mimi, sijasikia hata moja ikilia. Wengine na wawe wa bahasha, maisha magumu, nakubali. Ila mmoja, mtamba, aje na kwato zake. Jumamosi ya wiki ijayo, saa nne, mbele ya wajomba wote. Ukishindwa, kuna mwalimu mmoja wa Mafinga amekuwa akiuliza habari za Juliana."

Obeid alitoka pale kiazi chake hakijaisha. Maneno yote ya mdomoni mwake yasingeweza kuzaa hata kwato moja. Na Obeid alimpenda Juliana kwelikweli, hilo tusimnyime. Usiku kucha alimwona mwalimu wa Mafinga akivuka ua na ng'ombe nyuma yake.

Jumanne alipanda basi hadi Mbeya, Mwanjelwa, kwa jamaa yake Asukile, muuza vifaa vya kompyuta ambaye nusu ya bidhaa zake hazikai mezani. Asukile alimsikiliza, akavuta droo, akatoa flashi nyekundu.

"Hii inaitwa chanjo," alisema. "Unachomeka, unabonyeza mara moja, kioo kinajaa rangi ya kijani, asilimia inapanda, mteja anafurahi. Zikitimia siku saba, saa nane kamili mchana, kioo kinageuka chekundu na kila kitu kinafungwa. Hakifunguki hata kwa maombi ya mkesha. Ila kinaonyesha namba ya simu ya daktari."

"Daktari yupi?"

"Wewe, bwege. Nimeshaiweka namba yako. Unakwenda, unaingiza msimbo, kinafunguka, wanakubeba juu juu. Misimbo yenyewe imo humuhumu, kila mashine na wa kwake, mirefu usijaribu kukariri. Ihamishie kwenye laptopu yako, humu uifute, mimi sibaki nayo."

Obeid aliihamishia kwenye faili, akalipa jina la Mapenzi. Palepale mlinzi wa laptopu yake, yule anayekaa ndani kunusa vitu vibaya, akaamka na kupiga kelele kuhusu flashi. Alikuwa mlinzi mzee, hajapata mafunzo mapya miaka miwili, lakini flashi hiyo hata yeye aliitilia shaka. Obeid akamzima kabisa. "Kelele nyingi," alisema.

"Na mtamba nitampata wapi?"

"Chimala," Asukile alisema. "Kuna mzee wa Kisukuma anaitwa Nkuba. Chuo kimoja kilifungwa, wakauza vitu vyao kwa mnada, mzee akanunua kompyuta kumi na moja akagawia watoto wake, kila nyumba moja, kama anavyogawa ng'ombe. Hazijui kompyuta hata kidogo. Ng'ombe ndio anawajua, na wako wengi."

Obeid alimvulia koti lake la kijivu kama malipo. "Ndaga fijo," Asukile akashukuru kwa Kinyakyusa, akalijaribu kwenye kioo.

Ijumaa alfajiri, akiwa njiani kwenda stendi, Injinia alipita kwa Mzee Kalinga na kuichoma kompyuta ya mzee ile chanjo. Usimwone mkatili, alikuwa na hesabu zake. Ijumaa inayofuata saa nane kompyuta ingefungwa, wajomba wakiwa wameanza kuwasili, historia ya ukoo haionekani, mzee anataka kulia. Jioni Obeid angeingia na mtamba mkono mmoja na laptopu mkono mwingine, angebonyeza msimbo, historia ingerudi. Nani angemkumbuka mwalimu wa Mafinga? Kompyuta ya mzee ilimeza chanjo bila kuuliza swali, maana kwa miaka miwili hakuna tundu lake hata moja lililozibwa.

Saa sita mchana huohuo alikuwa Chimala.

Mzee Nkuba alikuwa mrefu, mkavu, kofia ya pama kichwani. Alishuka bonde la Usangu kutoka Shinyanga miaka thelathini iliyopita akifuata mikia ya ng'ombe wa baba yake. Alimpokea Obeid chini ya upenu wa nyumba yake ya bati jekundu, akamsikiliza hadi mwisho bila kumkatiza. Pembeni yake alikaa binti yake Nyamizi, mama wa makamo mwenye mashine ya kukoboa mpunga pale Chimala, anayekaa karibu na baba yake tangu mama afariki. Alikuwa akichambua choroko kwenye ungo, kimya.

"Kwa hiyo kompyuta zangu zinaumwa," Mzee Nkuba alisema.

"Bado, mzee wangu. Lakini ugonjwa uko barabarani unakuja. Nikichanja zote kumi na moja, utalala usingizi. Malipo yangu siyo pesa. Naomba mtamba mmoja tu."

"Mtamba mmoja kwa kumi na moja." Mzee akafikiri. "Na redio yangu ungeichanja?"

"Na redio, mzee."

"Na simu ya Nyamizi?"

"Na simu ya dada, bure kabisa."

Mzee Nkuba alifurahi, au alionekana kufurahi. Akampeleka zizini, akamwonyesha mtamba wa rangi ya kahawia mwenye baka jeupe pajini. Obeid alimtazama mtamba, mtamba akamtazama Obeid, na Injinia akamwona tayari amefungwa uani Kihesa, wajomba wanamzunguka wanapapasa nundu.

"Ni wako," Mzee Nkuba alisema. "Ila hapa kwetu tuna utaratibu. Mwaka tuliofika bondeni huku, alikuja mtu na dawa ya kupe kwenye madebe. Alikuwa anaongea vizuri, kama wewe. Tukachovya ng'ombe wote siku moja. Walikufa kumi na wanne. Tangu hapo, dawa ngeni inaanza na mnyama wa mwenye dawa. Anapewa mbele yetu, anakaa zizi la pembeni, peke yake, siku saba. Dawa inayobaki nayo inakaa hapahapa. Akiwa mzima, tunanunua."

"Utaratibu mzuri sana huo," Obeid alisema. "Lakini mimi sina ng'ombe, mzee."

Nyamizi akainua macho kutoka kwenye ungo kwa mara ya kwanza. "Hiyo kwenye mkoba ni nini, kaka?"

"Hii? Hii ni laptopu ya kazi. Tena hii ilishachanjwa."

"Basi ikirudiwa haitadhurika," Mzee Nkuba alisema.

Hapo, ndugu, mtu mwenye akili angesingizia msiba na kuwahi barabarani. Lakini mtamba alikuwa anacheua palepale, anapunga mkia, na Jumamosi ilikuwa inakuja. Obeid alipiga hesabu haraka. Siku saba zinatimia Ijumaa saa nane mchana. Yeye angefika saa nne asubuhi na gari, angechukua mtamba na laptopu yake ikiwa nzima, kijani tupu, na njiani angeifungua na kuchukua msimbo kabla ya saa nane. Muda ulimtosha hata kuchezea.

Akachomeka flashi kwenye laptopu yake mwenyewe. Mlinzi alikuwa amezimwa. Kijani kikajaa, asilimia zikapanda, Mzee Nkuba akapiga makofi mara mbili. Nyamizi akaichukua laptopu na flashi yake, akaziweka kwenye kimeza cha peke yake kona ya sebule, mbali na kompyuta ya nyumbani, akatandika kanga juu.

"Zizi la pembeni," alisema.

Wiki hiyo Obeid alijibanza kwa Asukile, Mwanjelwa, furaha haimpi usingizi. Alimpigia Juliana kila siku. "Ana baka jeupe pajini! Ukimwona utasema amepakwa chokaa."

"Umempataje, Obeid?"

"Kazi, mpenzi. Kazi na elimu."

"Na laptopu iko wapi? Mbona hujaniletea niiapdeti kama tulivyosema?"

"Nikumbushe baadaye," Obeid alisema, akakata simu akipiga mluzi.

Ijumaa saa nne kasoro, fuso lililokuwa linarudi Iringa tupu lilisimama mbele ya nyumba ya Mzee Nkuba. Obeid akaruka chini, shati jeupe, miwani imepanguswa.

"Shikamoo mzee! Nimekuja kumwona mgonjwa wetu."

"Marahaba, mwanangu. Mzima kabisa, hajakohoa." Laptopu ilikuwa palepale kimezani, imechomekwa kwenye umeme, kioo kinang'aa kijani. Mtamba alikuwa amefungwa kamba karibu na geti, tayari. Roho ya Obeid ikatulia. "Kaa kwanza, unywe maji."

Alikaa. Yakaja maji. Baada ya maji yakaja michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, vimepikwa na karanga. Obeid akala haraka.

"Sasa mzee, dereva ana haraka..."

"Dereva naye anakula huko nje. Nyamizi! Kuku vipi?"

"Ndiyo kwanza ananyonyolewa, baba."

Ilikuwa saa tano. Saa sita kuku alikuwa jikoni. Obeid alisimama mara mbili kwenda kwenye kimeza, na mara zote mbili Mzee Nkuba alimshika mkono kwa upole akamrudisha kitini. Mgeni hanyanyuki nyumba hii kabla ya kunawa mikono, alisema, watu watanicheka. Halafu alisimulia safari ya kutoka Shinyanga, mto kwa mto. Hakuruka hata mmoja. Saa saba ulikuja wali wa Chimala, mweupe, unanukia hadi barabarani, na kuku, na mchuzi, na maziwa ya mgando kwenye kibuyu kikubwa.

Obeid alikula wali mtamu kuliko wote aliowahi kula na hakuonja kitu. Macho yake yalikuwa kwenye saa ya ukutani.

"Mzee, naomba niiangalie laptopu yangu dakika moja tu. Moja!"

"Siku saba bado hazijatimia," Mzee Nkuba alisema. "Ulichoma saa ngapi wewe? Adhuhuri ilishapita, tulikuwa tumekula. Sisi hatumhukumu mnyama kabla ya siku zake. Ongeza maziwa."

"Nimeshiba, mzee!"

"Hujashiba. Unatoka jasho tu."

Saa nane kasoro dakika tano, Nyamizi aliingia akifuta mikono kwenye kanga, akaketi. Nyuma yake wakaingia ndugu zake watatu, wakasimama ukutani. Wakaja wake zao. Akaja dereva wa fuso na mfupa wa kuku mkononi. Mzee Nkuba akainuka, akakibeba kile kimeza na laptopu juu yake, akakiweka katikati ya sebule. Wakatulia wote kama watu wanaosubiri taarifa ya habari.

Saa nane kamili laptopu ikalia, "twii". Kijani kikazimika. Kioo kikawa chekundu, na maandishi meupe yakapanda taratibu, makubwa, hata mzee asiye na miwani aliyasoma. KOMPYUTA HII INAUMWA SANA. IMEFUNGWA. MPIGIE DAKTARI WAKE.

Chini yake kulikuwa na namba ya simu.

"Masikini," Mzee Nkuba alisema. "Ameanguka. Injinia, huyu daktari unamfahamu?"

"Aah... hao ni watu wa mbali, mzee. Wako Ulaya."

"Namba ya hapa nyumbani lakini. Nyamizi, mpigie atusaidie."

"Hapana, dada, usijisumbue na salio lako..."

Nyamizi alikuwa ameshabonyeza.  Kisha kwenye mfuko wa suruali ya Injinia Obeid simu ikaita, kwa mlio wa kwaya alioupenda sana, sauti zote nne.

Iliita hadi ikakatika. Nyamizi akapiga tena, pengine kwa kuwa kwaya ilikuwa nzuri. Mke wa kaka yake mkubwa alicheka hadi akakaa chini. Dereva wa fuso alilazimika kutoka nje.

"Mlijua," Obeid alisema.

"Tangu Ijumaa ile ile." Nyamizi hakucheka. "Kaka, sisi ng'ombe tunawapeleka josho kila baada ya wiki mbili, Alhamisi. Kupe wa mwezi huu si wa mwezi uliopita, ukiacha zamu moja tu umeumia. Kompyuta nimeziweka zamu hiyohiyo. Alhamisi watoto wa nyumba zote kumi na moja wanabonyeza sasisha, wakimaliza wananipigia. Ulipoondoka niliichomeka flashi yako kwenye hii yetu. Haikukaa hata sekunde. Kompyuta iliikamata, ikaniambia jina lake, nikatafuta hilo jina mtandaoni. Kila kitu kimeandikwa huko. Siku saba, saa nane mchana. Ndiyo maana kuku alinyonyolewa polepole."

"Sasa kwa nini hamkunifukuza?"

"Bila kuona mwisho?" Mzee Nkuba alishangaa kweli. "Utaratibu ni utaratibu. Labda angepona! Haya, mnyama wa mwenye dawa akianguka, mwenye dawa anaondoka na mzoga wake. Sitaita polisi, umekula kwangu. Ufungue basi, daktari, uende salama."

Obeid aliitazama laptopu. Misimbo ilikuwa ndani, kwenye lile faili la Mapenzi, nyuma ya wekundu ule. Alikuwa amejifungia nje, funguo zote ziko mezani ndani. Hapo akakumbuka kompyuta nyingine, ya Kihesa, iliyochomwa chanjo siku hiyohiyo.

Kwaya ikaimba tena mfukoni. Nyamizi alionyesha simu yake, haikuwa yeye. Obeid alitoa ya kwake. Aliyekuwa anapiga ni "Baba Mkwe". Vidole vikateleza kwa mafuta ya kuku, vikagusa kipaza sauti, na sauti ya Mzee Kalinga ikajaa sebule yote, ikianza kwa salamu ya Kihehe.

"Injinia! Kamwene! Uko wapi? Kompyuta imekuwa nyekundu kama damu, historia yote imepotea, wajomba wameanza kufika! Imeandika nimpigie daktari wake, nimeinakili namba, nimebonyeza, simu yangu imeleta jina lako. Sasa nakuuliza, mwanangu. Imeijuaje namba yako?"

Watu wote wa Mzee Nkuba walimgeukia Obeid, wanataka kusikia. Nasi tulitaka. Hapo ndipo ungetegemea mdomo ule, uliolisha tumbo lile miaka miwili, ufanye kazi yake.

"Baba... ni kile kisanduku tu. Kimekasirika. Wewe bonyeza 'Nikumbushe Baadaye'."

 Ilisikika miguu ya kiti ikiburuzwa kule Kihesa, na pumzi za mzee aliyeinama karibu na kioo.

"Nimeitafuta kila kona," Mzee Kalinga alisema, sauti imeshuka. "Safari hii haipo."

Simu ikachukuliwa kule. Alikuwa Juliana.

"Baba, usilie, kurasa zako zote ninazo kwenye flashi. Ndiyo, zote, kaa tu." Halafu akasema kwenye simu, "Obeid."

"Juliana! Mpenzi, nisikilize. Mtamba yupo, namwona hapa kwa macho yangu, ana baka jeupe..."

Alikuwa anamwona kweli, dirishani. Kaka wa Nyamizi alikuwa amemfungua kamba getini, anamrudisha zizini, na mtamba anaenda bila kugeuka nyuma.

"Nauliza jambo moja," Juliana alisema. Sauti yake ilikuwa imechoka tu. "Kesho saa nne, Obeid. Wajomba wanakuja. Niwaambie nini?"

"Waambie... naomba wiki moja. Tatu. Mahari yangu mtaipokea, Juliana, si ndiyo?"

 Nyuma ya Juliana alisikika mjomba mmoja akiuliza habari za yule mwalimu wa Mafinga.

"Nitakukumbusha baadaye," Juliana alisema, akakata.

Mzee Nkuba akavuta kibuyu cha maziwa, akajaza kikombe hadi juu na kumsogezea mgeni wake. Huko nje dereva wa fuso alikuwa anapiga honi.